Mtoto Aliyevushwa Bahari: Maisha ya James Chuma

Miongoni mwa hadithi za watoto zilizoandikwa na C. S. Lewis, mwandishi wa Kianglikana, imo moja iliyochapishwa mwaka 1952, ihusuyo merikebu inayosafiri kuelekea ukingo wa mashariki wa dunia. Ndani ya merikebu hiyo yumo mvulana aitwaye Eustace, mchoyo na mlalamishi, ambaye analala juu ya hazina ya joka akiwa na mawazo ya ulafi moyoni, naye anaamka akiwa amegeuka joka. Anajaribu mara kadhaa kujivua ngozi ile asiweze, mpaka simba, ambaye katika hadithi hizo ni mfano wa Kristo, anapomchuna kwa kucha zake na kumtupa majini. Mwandishi anaongeza jambo ambalo wasomaji wengi hulipita upesi: kwamba mvulana yule hakugeuka mtakatifu siku ileile. Alianza kupona tu, na siku za kurudia tabia yake ya zamani hazikukosekana.

Walezi wa Utoto Mtakatifu hutafuta visa vya namna hii, na si vibaya kuwasimulia watoto hadithi ya joka na simba. Lakini sisi tuishio huku kusini, kati ya Lindi na Ruvuma, tunacho kisa cha kweli kuhusu mtoto aliyepakiwa katika chombo kidogo, akavushwa Bahari ya Hindi, akabatizwa ng'ambo, kisha akarudi kutembea katika nchi zetu hizi kwa miguu yake. Jina lake ni Chuma. Wengi wamelisoma shuleni likiwa limeunganishwa na la mwenzake, Susi na Chuma, kana kwamba ni mtu mmoja mwenye majina mawili, watumishi wa David Livingstone waliobeba maiti ya bwana wao. Tunaona vema atazamwe peke yake.

Chuma alizaliwa karibu na mwaka 1850, katika kabila la Wayao, upande wa Ziwa Nyasa. Miaka ile njia za misafara zilitoka ziwani zikapita katika nyika za kusini hadi Kilwa na Lindi, na mzigo uliokwenda pwani pamoja na pembe za ndovu ulikuwa watu. Mtoto huyu aliuzwa. Mwezi Julai 1861, katika milima iliyo juu ya mto Shire, msafara wa watumwa ulikutana na Livingstone, aliyekuwa akimsindikiza Askofu Charles Mackenzie wa Misheni ya Vyuo Vikuu pamoja na wamisionari wake. Wasimamizi wa msafara wakakimbia. Kamba zikakatwa, makongwa yaliyofungwa shingoni mwa watu wazima yakakatwa kwa msumeno, na miti yake ikawa kuni za kupikia chakula. Katika siku zile za kufungua mateka ndipo Chuma alipopata uhuru, akiwa na umri wa miaka kama kumi na mmoja.

Waliofunguliwa walipelekwa Magomero, mahali ambapo Mackenzie alianzisha kituo chake. Kituo hicho hakikudumu. Njaa, homa na vita viliwamaliza watu, na askofu mwenyewe alifariki mwezi Januari 1862. Askofu aliyemfuata aliamua kuihamishia misheni Unguja. Kwa hiyo mtoto aliyeokolewa mara moja alikuwa karibu kuachwa bila mlezi mara ya pili. Livingstone akamchukua, pamoja na mvulana mwenzake wa Kiyao aitwaye Wikatani.

Hapa ndipo inapoanza safari ya bahari. Livingstone alikuwa na stima ndogo iitwayo Lady Nyassa, aliyoigharimia kwa fedha zake mwenyewe, iliyotengenezwa kwa ajili ya maji ya mto na ziwa. Serikali ya Uingereza ilikuwa imemwita arudi, naye alihitaji kuiuza. Wanunuzi walikuwapo, lakini alijua kwamba mikononi mwao ingebeba watumwa. Akakataa, akaamua kuipeleka Bombay, Bara Hindi. Tarehe 30 Aprili 1864 aliondoka Unguja. Chomboni walikuwamo Wazungu watatu pamoja naye, Waafrika saba kutoka nchi ya Zambezi, baadhi yao wakiwa hawajapata kamwe kuwa mabaharia, na wavulana wawili.

Msomaji wa pwani ataelewa maana ya tarehe hiyo. Kusi ilikuwa inaanza, na kila nahodha wa jahazi alijua kwamba ikishika nguvu zake zote, chombo kisicho cha bahari kuu hakina usalama. Makaa ya mawe hayakutosha, basi ikabidi kutweka matanga. Kisha upepo ukafa. Siku nyingi bahari ilikaa shwari kama kioo, chombo kikisimama palepale, maji ya kunywa na chakula vikipungua. Na upepo uliporudi ulikuja na dhoruba. Wale wanaume wa mtoni walijifunza kushika usukani na kupanda mlingoti wakiwa safarini. Tarehe 13 Juni, baada ya siku 45, waliingia bandari ya Bombay katika ukungu na mvua, na chombo chao kilikuwa kidogo hata watu hawakukiona kikiingia.

Hatuna maandishi ya Chuma mwenyewe juu ya siku zile. Tunaweza tu kutafakari kwamba kwa watoto wa bara waliochukuliwa na misafara, bahari ilikuwa jina la mwisho wa kila kitu: aliyefikishwa baharini hakurudi. Yeye aliipanda akiwa huru, akiongozwa na mtu aliyekata kamba. Tungependa makatekista walisimamie jambo hili kidogo wanapofundisha juu ya Bahari ya Shamu, kwa kuwa Waisraeli nao waliyaogopa maji yaleyale yaliyowapitisha.

Huko Bombay, Livingstone aliwaweka wavulana wale wawili katika shule ya misheni ya Wapresbiteri wa Uskoti, chini ya Dokta John Wilson. Walisoma karibu miaka miwili, na mwezi Desemba 1865 walibatizwa. Chuma akaitwa James, Wikatani akaitwa John. Wako waamini watakaouliza, kama tulivyokwisha kuulizwa kuhusu watu wengine wasio Wakatoliki, iwapo ubatizo huo una nafasi katika tovuti ya jimbo. Kanisa halina shaka hapa. Ubatizo uliotolewa kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, kwa nia ya kutenda atendalo Kanisa, ni ubatizo, wala haurudiwi. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1964 juu ya umoja wa Wakristo, uliwaita waliobatizwa hivyo ndugu zetu.

Mwaka uliofuata James Chuma alirudi Afrika. Mwezi Machi 1866 msafara wa Livingstone ulishuka Mikindani, ukaanza kupanda bonde la Ruvuma. Walikuwamo askari wa Kihindi, watu wa Nzwani, vijana waliokombolewa na kusomeshwa Nasik, Susi na mwenzake Amoda wa Shupanga, na Wayao wawili tuliokwisha kuwataja. Ilikuwa safari ya huzuni. Njiani walikuta watu waliofungwa mitini na kuachwa wafe, kwa kuwa hawakuweza tena kutembea na msafara.

Tunataka kukaa kidogo juu ya jambo lililotokea walipoingia nchi ya Wayao. Chuma alianza kusema kwamba hakuuzwa na Wayao wenzake, bali alikamatwa na kuuzwa na Wamang'anja. Na kwamba hakuna Myao aliyepata kumuuza mtoto wake mwenyewe. Livingstone, aliyejua habari zake tangu mwanzo, aliandika katika shajara yake kwamba ukweli ulikuwa kinyume, lakini kijana aliamini alichosema. Wasomaji wengine wamecheka hapa. Sisi hatuoni la kuchekesha. Kijana wa miaka kumi na sita anarudi katika nchi ya lugha yake, anasikia majina ya nyumbani, anapewa ugali na watu wanaofanana naye, na lazima achague kama watu hawa ni jamaa zake au ni wale waliomuuza. Alichagua jamaa. Ubatizo ulikuwa umemwosha dhambi. Kidonda hiki ulikuwa haujakiponya, na katika familia zetu za kusini wamo ambao mpaka leo hawataki kuuliza babu au bibi fulani aliingiaje katika ukoo.

Wikatani alipokutana na ndugu zake karibu na ziwa aliomba kubaki, akabaki. Watu wa Nzwani walitoroka wote mwezi Septemba mwaka huohuo, wakaenda Unguja kueneza uongo kwamba Livingstone ameuawa. Chuma aliendelea.

Lakini asidhaniwe kuwa malaika. Mwezi Aprili 1868 Livingstone alipotaka kwenda Ziwa Bangweulu, wengi wa watu wake walikataa, na Chuma na Susi walikuwa miongoni mwa waliokataa. Walikuwa wamechoka, chakula kilikuwa haba, na kambi ya wafanyabiashara Waarabu ilikuwa na starehe zake, pamoja na bangi na wanawake. Mzee akaenda na watu watano tu. Aliporudi miezi kadhaa baadaye, waasi waliomba kupokewa. Aliwapokea, akiandika kwamba yeye mwenyewe ana makosa yake. Kwa maoni yetu tendo hilo la msamaha lilifanya kazi ndani ya Chuma kuliko mahubiri mengi aliyoyasikia. Mwezi Juni 1870, huko Manyema, wafuasi walipomwacha Livingstone tena, waliobaki kwenda naye walikuwa watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Hatuhitaji kueleza zaidi ni nini kilichotokea katika miaka hiyo miwili, hesabu inaonyesha.

Habari za Stanley kufika Ujiji mwezi Novemba 1871 zinajulikana na kila mwanafunzi, nasi tunazipita. Stanley alipokwenda zake, Chuma alibaki, na kipindi hicho alimwoa Ntaoeka, mwanamke aliyekuwa katika msafara. Tarehe 1 Mei 1873, alfajiri, katika kijiji cha Chitambo kilichoko Zambia ya leo, Livingstone alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake, amefariki.

Watu kama sitini walikuwa wamebaki na maiti, katika nchi ambayo kifo cha mgeni kingeweza kudaiwa fidia. Hakukuwa na Mzungu wa kutoa amri. Wangeweza kumzika pale, kugawana nguo na shanga, na kila mmoja kwenda kwao; wala hakuna ambaye angewalaumu. Walikaa shauri, wakawakabidhi Susi na Chuma uongozi, wakaamua kumrudisha kwa watu wake. Chuma ndiye aliyekwenda kwa Chitambo kuomba ruhusa ya kujenga kambi nje ya kijiji, akikusudia kuficha kifo. Chitambo akaujua ukweli, na badala ya kudai fidia akaja na watu wake kuomboleza. Moyo na viungo vya ndani vilizikwa chini ya mti, na Jacob Wainwright, mmoja wa vijana wa Nasik, akasoma sala za maziko. Mwili ulitiwa chumvi, ukaanikwa juani majuma mawili, ukafungwa kwa nguo, ukaviringishwa ndani ya gome la mti na turubai.

Safari ya kwenda pwani ilichukua miezi tisa hivi. Karibu wote waliugua, na wengine walifia njiani. Katika kijiji kimoja walipigana na wenyeji, na damu ilimwagika. Wasimulizi wapendao kusifu huliacha jambo hili, lakini lilikuwapo. Huko Unyanyembe, karibu na Tabora, walikutana na Luteni Cameron, Mwingereza aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone, naye akawashauri wamzike hapohapo. Wakakataa kwa heshima. Mbele zaidi, waliposikia kwamba wenyeji hawataruhusu maiti kupita katika nchi yao, walitengeneza furushi la bandia, wakawatuma wenzao warudi nalo kana kwamba wanakwenda kulizika, na mwili wenyewe wakaufunga kama mtumba wa nguo. Hivyo ukapita mabegani, bidhaa kati ya bidhaa.

Mwezi Februari 1874 waliingia Bagamoyo. Chuma alitangulia kuvuka hadi Unguja kumpasha habari balozi mdogo wa Uingereza. Mwili ulilazwa katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na mnara wa kanisa la kale unaitwa Mnara wa Livingstone hata leo. Mapadre Wakatoliki kutoka Ufaransa walimpokea mmisionari Mprotestanti aliyeletwa na Waafrika, Wakristo na Waislamu pamoja, kwa maana Susi alikuwa Mwislamu. Wahujaji wetu wanaokwenda Bagamoyo huonyeshwa msalaba wa pwani na makaburi ya wamisionari. Tungeomba wasimame pia mnarani.

Meli ya kivita ya Uingereza iliubeba mwili. Wabebaji walilipwa mshahara wao, wakaambiwa waende. Aliyefika London kwa wakati na kushika jeneza katika maziko ya tarehe 18 Aprili 1874 huko Westminster alikuwa Jacob Wainwright peke yake. Susi na Chuma walipelekwa baadaye kwa fedha za rafiki wa marehemu, James Young, wakafika maziko yamekwisha. Walikaa Uingereza miezi michache, wakimsaidia kasisi Horace Waller kupanga shajara za mwisho za Livingstone. Mambo mengi ambayo ulimwengu unayajua juu ya kifo chake na safari ya mwili wake yalitoka vinywani mwa watu hawa wawili.

Aliporudi Unguja, Chuma angeweza kuishi kwa sifa. Badala yake alianza kazi inayotugusa sisi zaidi. Mkataba wa mwaka 1873 ulikuwa umelifunga soko la watumwa la Unguja, lakini misafara ya nchi kavu iliendelea, na misheni ya Waanglikana ilikuwa na mamia ya waliokombolewa wasio na kwao. Askofu Edward Steere, yuleyule aliyetoa sarufi ya Kiswahili na kutafsiri Agano Jipya, alitaka kuwarudisha bara. Mwaka 1875 alifunga safari kutoka Lindi hadi kwa mtemi Mataka wa Wayao, na mwaka 1876 alitoka tena Lindi na kundi la waliokombolewa, wanaume na wanawake. Kiongozi wake wa misafara alikuwa James Chuma. Kundi hilo lilipofika Masasi liliona nchi nzuri yenye maji, likaomba lisiende mbali zaidi, na hapo kikaanzishwa kijiji cha watu huru.

Masasi si mbali na Nachingwea. Kutoka kwetu Nandagala mtu huifikia bila kulala njiani. Yule aliyepelekwa utumwani akiwa mtoto, sasa akiwa na miaka ishirini na sita hivi, aliwaongoza watumwa wa zamani kutoka pwani kurudi bara, katika nchi ambamo misafara iliwapeleka watu kinyume chake. Aliujua urefu wa mwendo ambao mtoto anaweza kuumudu, na aliijua lugha ya Wayao waliomiliki njia. Juu ya wale waliomuuza, hakuna habari kwamba aliwahi kutafuta kisasi. Alikwenda kwa Mataka na askofu, akazungumza naye kama mtu na mwenzake.

Mwaka 1879 Shirika la Kijiografia la Kifalme la London lilituma msafara uliotoka Dar es Salaam. Kiongozi wake, Keith Johnston, alifariki Behobeho mwezi Juni, na kijana wa miaka 21, Joseph Thomson, akaachiwa watu zaidi ya mia moja katika nchi asiyoijua. Aliwafikisha Ziwa Nyasa na Tanganyika na kuwarudisha pwani mwaka 1880, na kila aliyesoma habari zake anaona kwamba mnyapara wake Chuma ndiye aliyeushikilia msafara ule. Thomson alimsifu kwa ufasaha wake mbele ya watemi na kwa visa alivyojua kusimulia motoni usiku. Hakuficha kwamba alipenda kujionyesha, na kwamba akiba hakuiweka. Mwaka 1881 walikwenda tena Ruvuma, wakitumwa na Sultani Barghash kutafuta makaa ya mawe, wakarudi bila makaa yenye faida.

Huenda kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua wakati huo. Mwaka 1882 James Chuma alifariki Unguja kwa kifua kikuu, akiuguzwa na misheni ya Steere, akiwa na umri wa miaka thelathini na miwili hivi. Steere mwenyewe alifariki mwaka huohuo. Susi, aliyekuwa amebeba upande wa pili wa mzigo kutoka Chitambo, alibaki katika dini ya Kiislamu miaka minne zaidi; mwaka 1886 aliomba ubatizo, akachagua kuitwa David.